Nani Anakula Njama Ngorongoro?

Ukifuatilia mgogoro wa ardhi wa Ngorongoro kwa juma moja tu, redioni, magazetini na kwenye vijiwe vya madereva wa utalii pale Karatu mjini, utalisikia neno njama likitoka kila upande. Wakazi wa tarafa ya Ngorongoro wanadai ipo njama ya kuwahamisha. Wanaoitetea serikali wanadai zipo njama za asasi na watu wa nje za kuuchafua utalii wa Tanzania. Waendesha mashtaka nao wamelipeleka neno hilo mahakamani, ambako lina uzito kuliko kwingine kote. Na ukifungua ukurasa wa michezo wa gazeti hilohilo, mwamuzi aliyeinyima Yanga penalti naye amekula njama na Simba.

Hawa wote hawasemi kitu kimoja. Mmoja anataja kosa la jinai lenye kifungo cha miaka. Mwingine anataja sera iliyomuumiza. Wa tatu ana shaka tu, na shaka yake ameivalisha neno zito. Msomaji wa kawaida anabaki hajui amwamini nani, na kibaya zaidi, anashindwa kuona kwamba huenda wote wana hoja ila wamechagua jina lisilofaa.

Neno lilivyopata ubaya

Njama ya zamani haikuwa na doa. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inalieleza neno hili kwa maana ya shauri la faragha: watu wanajitenga pembeni, wanashauriana, wanarudi na kauli moja. Faragha ilikuwemo, uovu haukuwa wa lazima. Majirani zetu Wakikuyu wamebaki karibu na maana hiyo. Kwao njama ni baraza, na njama ya ita lilikuwa baraza la vita. Karari Njama, aliyeandika pamoja na Donald Barnett kitabu cha vita vya Mau Mau kilichotoka mwaka 1966, alilibeba jina hilo bila aibu. Wakoloni walimshuku kwa mengine.

Kiswahili cha leo kimeliinamisha neno upande mmoja, na vitenzi vinavyoambatana nalo ndivyo vinavyolisema hilo. Njama huliwa, hupangwa, husukwa. Ikijulikana hufichuliwa, huzimwa, hutibuliwa. Hakuna anayesema wanakijiji wamekula njama ya kujenga zahanati, ila kwa utani. Ndugu zake wa karibu nao wana mipaka yao. Hila mtu aweza kuifanya peke yake. Fitina hupandwa kati ya watu waliokuwa wakipatana. Majungu hupikwa na mara nyingi huishia kwenye maneno. Mizengwe na figisu ni vikwazo vya ofisini na vya kwenye siasa, na hujuma ni tendo lenyewe likishafanyika. Njama hutangulia tendo, huhitaji watu wawili au zaidi, na huishi gizani. Lengo lake nalo sharti liwe ovu, na ugomvi wa Ngorongoro huanzia hapohapo, kwa sababu nani mwenye mamlaka ya kusema lengo la mwenzake ni ovu?

Tazama mkutano wa Wamaasai unaoitwa enkigwana. Wanaume huketi mchana kweupe chini ya mti, msemaji husimama na fimbo yake mkononi, huzungumza apendavyo mpaka amalize, ndipo mwingine ainuke. Laigwanani, yaani kiongozi wa mila, husikiliza sana kabla ya kusema. Mambo hayo huweza kuchukua siku nzima. Kwa maana ya Wakikuyu, ya baraza, hiyo ni njama safi kabisa. Kwa ofisa aliyetoka mkoa mwingine, asiyejua Kimaa, anayeona watu mia wakikubaliana jambo asilolielewa siku chache kabla ya operesheni, ni njama kwa maana ya leo. Mkutano ni uleule. Kilichobadilika ni masikio.

Njama ya kwenye hati ya mashtaka

Sheria ina tafsiri nyembamba kuliko zote. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaadhibu makubaliano yenyewe ya kutenda kosa, kabla tendo halijafanyika. Kifungu cha 384 ndicho kinachotumika sana. Kifungu cha 215 kinahusu njama ya kuua na adhabu yake inafika miaka 14 jela. Mantiki yake inaeleweka. Polisi wakisubiri hadi mshale utoke kwenye upinde, sheria itakuwa imechelewa. Wanaokubaliana kuua ni hatari tangu dakika wanapokubaliana.

Udhaifu uko kwenye uthibitisho. Makubaliano hayashikiki wala hayapigwi picha. Ndiyo maana hati nyingi za mashtaka ya njama husema washtakiwa walikubaliana katika tarehe isiyojulikana na mahali pasipojulikana. Mtu atajitetea vipi kwamba hakuwepo mahali pasipojulikana? Juu ya hilo, Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inaruhusu maneno na matendo ya mshirika mmoja kutumika dhidi ya wenzake pale penye sababu ya kuamini kwamba walikuwa na lengo moja. Chombo hicho ni kikali, na kikiwa mkononi mwa mpelelezi mvivu kinakata hata asiyehusika.

Loliondo, katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, ilitupa mfano wake Juni 2022. Maofisa walifika kuweka mipaka ya eneo la kilomita za mraba 1,500 ambalo serikali ililitangaza kuwa pori la akiba, sasa likiitwa Pololeti. Tarehe 9 Juni viongozi kadhaa, wakiwemo madiwani na mwenyekiti wa CCM wa wilaya, walikamatwa. Tarehe 10 Juni wananchi na askari walipambana. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi walijeruhiwa kwa risasi, na wengine walivuka mpaka kwenda Kenya kutafuta matibabu. Baadaye washtakiwa zaidi ya 20 walifikishwa mahakamani Arusha wakikabiliwa na mashtaka ya mauaji na ya kula njama ya kuua. Miongoni mwao walikuwemo wale waliokamatwa siku moja kabla ya kifo cha askari.

Watu wengi waliona hilo ni jambo la ajabu: amekuwa mikononi mwa polisi tangu jana, ameuaje leo? Lakini kwa sheria ya njama si ajabu. Aliyekubaliana nanyi jana ana hatia hata kama leo amelala rumande. Mtego upo hapo. Shtaka la njama huondoa utetezi mwepesi kuliko wote, ule wa kusema sikuwepo, na kulibakiza swali moja tu la kama makubaliano yalikuwepo. Swali hilo mahakama haikupata nafasi ya kulijibu. Tarehe 22 Novemba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka aliyaondoa mashtaka yote. Washtakiwa walikuwa wamekaa mahabusu zaidi ya miezi mitano, kwa kuwa mauaji hayana dhamana.

Kuna jambo lingine ambalo halikuzungumzwa vya kutosha. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imelisema zaidi ya mara moja: si sahihi kumshtaki mtu kwa njama na kwa kosa lenyewe katika hati moja, kwa kuwa njama husimama pale ambapo kosa lililokusudiwa halikutendeka. Kosa likitendeka, washiriki hushtakiwa kwa kosa hilo kwa nia yao ya pamoja. Hata hivyo waendesha mashtaka bado wana mazoea ya kuliweka shtaka la njama juu kabisa ya hati, kama kichwa cha habari. Ukilitazama kwa jicho la mpiga siasa utaelewa kwa nini. Shtaka la mauaji linasema mtu ameua. Shtaka la njama linasema jamii nzima ilikuwa na mpango.

Mtu wa Karatu ana mfano wake pia. Agosti 2023, katikati ya mjadala wa mkataba wa bandari na DP World, Mkuu wa Jeshi la Polisi Camillus Wambura alisema wapo watu wanaopanga kuiangusha serikali kabla ya uchaguzi wa 2025. Muda mfupi baadaye Dk. Willibrod Slaa, aliyekuwa mbunge wa Karatu kuanzia 1995 hadi 2010, alikamatwa pamoja na wengine wawili, na neno uhaini likatajwa. Waliachiwa siku chache baadaye bila kufikishwa mahakamani kwa tuhuma hiyo. Linganisha na kesi ya uhaini iliyosikilizwa kuanzia 1970, ambapo Bibi Titi Mohamed na wenzake walisomewa mashtaka, mashahidi wakahojiwa hadharani, na hukumu ikatolewa mwaka uliofuata. Unaweza kuikubali au kuikataa hukumu ile, lakini angalau palikuwa na ushahidi wa kubishana nao. Njama inayotangazwa na polisi kisha ikayeyuka haimpi mwananchi chochote cha kupima.

Njama ya wakubwa

Upande wa pili una kumbukumbu ndefu. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimaasai walitia saini hati ya kuachia madai yao ndani ya Serengeti, na mwaka uliofuata Hifadhi ya Ngorongoro ikaanzishwa kwa ahadi ya gavana kwamba maslahi ya wanyama na ya watu yakigongana, ya watu yatatangulia. Kilimo kikapigwa marufuku 1975. Kikaruhusiwa tena 1992, kisha kikazuiwa upya. Mwaka 1992 huohuo kampuni ya OBC yenye mizizi Umoja wa Falme za Kiarabu ilipewa kitalu cha uwindaji Loliondo, na habari zake zikafichuliwa na mwandishi Stan Katabalo katika gazeti la Mfanyakazi. Kwa mzee wa Nainokanoka au Endulen, hayo yote ni shanga za mkufu mmoja.

Dai hili lina nguvu kuliko wakosoaji wake wanavyokiri. Habari za OBC zilianza kama tetesi za mezani na zikathibitika kuwa na mashiko. Mwaka 2022 ndege za huduma ya afya zilizokuwa zikifika vijiji vya mbali Ngorongoro zilisimamishwa, na fedha zilizotengwa kwa maendeleo ya wilaya hiyo zikaelekezwa Handeni, mkoani Tanga, ambako kijiji cha Msomera kilikuwa kinaandaliwa kupokea wahamiaji. Serikali ilisema uhamaji ni wa hiari. Lakini mtu anayeona zahanati inakauka, shule haikarabatiwi, na nyumba mpya zinajengwa Tanga, hahitaji shahada ya sheria kujiuliza hiari hiyo ni ya namna gani.

Hata hivyo, dai la njama linaharibika likivutwa mno. Kwanza, linaipa serikali akili moja isiyokuwa nayo. Serikali iliyoruhusu kilimo 1992 na kukizuia baadaye haikuwa na mpango mmoja wa miaka sitini. Ilikuwa inayumba kati ya wizara, wahifadhi, wanasiasa na tumbo la mpiga kura. Pili, lengo kuu halikufichwa. Aprili 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisema hadharani kwamba Ngorongoro inapotea. Idadi ya watu ndani ya hifadhi ilikuwa takriban 8,000 wakati inaanzishwa, baadaye ikazidi 100,000, na serikali imeitaja sababu hiyo bungeni na kwenye vyombo vya habari bila kificho. Ni njama gani inayotangazwa na Rais mbele ya kamera?

Tatu, na hili ndilo baya zaidi kwa wakazi wenyewe, njama inahamisha ubishi kutoka kwenye jambo linalothibitika hadi kwenye nia, na nia haithibitiki. Ukisema serikali imeondoa huduma za afya, unaweza kuonyesha tarehe, zahanati na wagonjwa. Ukisema imekula njama, mpinzani wako anakuuliza walikaa wapi na nani alikuwepo, na hapo umekwisha.

Njama ya wachochezi

Serikali na watetezi wake nao wana njama yao. Kwao maandamano yanasukumwa na asasi zenye fedha za nje, watu kutoka upande wa pili wa mpaka, na wanaotaka watalii wahamie Maasai Mara. Baada ya matukio ya Juni 2022 ilifanyika operesheni ya kusaka wahamiaji haramu Loliondo, ikiwa na dhana ileile nyuma yake.

Hoja hii si ya kutupwa yote. Fedha za nje zipo, ushindani wa utalii kati ya Tanzania na Kenya upo, na Wamaasai wana ndugu pande zote mbili za mpaka uliochorwa na wakoloni. Ila kila kimoja kati ya hivyo ni halali na kinajulikana. Asasi husajiliwa na kutoa hesabu zake. Tena uhifadhi wenyewe unapokea fedha za nje. Shirika la Frankfurt Zoological Society limekuwa Serengeti tangu enzi za Bernhard Grzimek. Kama fedha ya Ulaya ndiyo alama ya njama, itabidi tuikute kwenye mabanda ya askari wa wanyamapori pia. Kasoro iliyo ndani zaidi ni dhana kwamba mfugaji hawezi kukasirika mpaka afundishwe.

Karatu huwa haitajwi katika mabishano haya, na si haki. Magari mengi ya utalii ya kreta hupita pale kuelekea lango la Lodoare. Barabara ikifungwa, mwenye hoteli, dereva na muuza vitunguu wa Mang'ola wote wanapoteza. Kwa hiyo Karatu ina sababu ya kuamini simulizi la wachochezi, na pia ina sababu ya kulitilia shaka, kwa sababu ni mji uliochagua upinzani kwa miaka mingi na unakumbuka jinsi kila mgogoro wa mahali hapo ulivyopewa mkono wa mtu wa mbali. Hata ugomvi wa maji kati ya KAVIWASU, chombo cha wananchi, na mamlaka ya maji ya mji uliwahi kuzungumzwa hivyo, wakati kiini chake kilikuwa bei na nani ashike mabomba.

Shaka zisizozikwa

Ipo njama ya aina ya nne, isiyohitaji ushahidi wala kuuogopa. Tarehe 12 Aprili 1984 Waziri Mkuu Edward Moringe Sokoine, mwana wa Monduli, alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, Morogoro. Taarifa rasmi haijabadilika tangu wakati huo. Katika nchi ya Wamaasai wapo ambao hawajaikubali hata siku moja, na kila ushahidi unaoletwa kuipinga shaka yao huhesabiwa kuwa sehemu ya njama. Simdharau mwenye shaka hiyo. Alimpoteza mtu mkubwa ghafla mno. Ila shaka isiyoweza kukanushwa na kitu chochote haiwezi pia kutumika kudai haki yoyote. Ngorongoro haimudu kuingia kwenye kundi hilo.

Tuziweke mizanini

Kati ya matumizi haya, la kisheria ndilo safi zaidi kwa maana na hatari zaidi kwa matumizi. Linataja mambo yanayoweza kupimwa: makubaliano, watu zaidi ya mmoja, lengo lisilo halali. Likitumika bila ushahidi linafunga watu ambao hawakutenda kitu, na mahabusu ya miezi mitano hairudishwi na hati ya kuondoa mashtaka. Njama ya wakubwa ina ukweli mwingi wa vipandevipande na hitimisho kubwa kuliko vipande hivyo. Njama ya wachochezi ina ukweli mchache na nguvu nyingi, kwa sababu inasemwa na wenye askari. Kwa kipimo hicho silioni jambo hili kuwa sawa kwa sawa: mwananchi akikosea kusema njama, anapoteza hoja, dola ikikosea kusema njama, mtu anapoteza uhuru. Mzigo wa kuwa makini hauwezi kuwa wa uzito mmoja.

Chanzo cha yote kinafanana, nacho ni uamuzi unaofanyika mbali na wanaouishi. Mahali ambapo ramani hazibandikwi kwenye ofisi ya kijiji, mwananchi huzijaza mwenyewe. Mahali ambapo polisi hawana mtu anayejua Kimaa, mkutano wa wazee hujazwa maana na anayeuogopa.

Mfano mgumu kuliko yote ni Tangazo la Serikali namba 673 la tarehe 2 Agosti 2024. Lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 katika tarafa ya Ngorongoro, katika mwaka wa uchaguzi wa serikali za mitaa, huku taarifa za wapiga kura zikielekezwa Msomera. Kuanzia tarehe 18 Agosti maelfu ya watu waliingia barabarani siku kadhaa, na magari ya watalii yaliyotoka Karatu asubuhi yakakwama. Je, tangazo lile lilikuwa njama? Kisheria hapana: lilichapishwa, lilikuwa na namba na saini ya waziri. Lakini gazeti la serikali halifiki Ndutu wala Olbalbal, na waliofutiwa vijiji hawakuulizwa. Waliokuwa barabarani waliliita njama, na hasira yao naielewa.

Ila Mahakama Kuu Arusha iliposimamisha utekelezaji wa tangazo hilo tarehe 22 Agosti, hakuna aliyelazimika kuthibitisha nani alikaa na nani wala saa ngapi za usiku. Maombi ya namna ile hayaulizi nia ya waziri. Yanauliza kama utaratibu ulifuatwa na kama wahusika walisikilizwa, maswali ambayo mwenyekiti wa kijiji yeyote wa tarafa ile anaweza kuyajibu akiwa na muhtasari wa vikao vyake mkononi. Hata tume mbili za Rais zilizoahidiwa Arusha tarehe 1 Desemba 2024, moja ya mgogoro wa ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama, zilipewa kazi ya kuchunguza ardhi na zoezi, hazikutumwa kusaka njama.